Asubuhi Tuliyocheka

Kambi ya Dzaleka, Malawi, Jumapili baada ya ibada

Neema mpendwa,

Nakusalimu sana. Huku mahindi yamekauka vizuri, na mama yako mdogo amejifungua mvulana. Uliniuliza kwa nini kila ukinipigia kwa video nakuambia kwanza utabasamu. Nautazama mdomo wako, kwa ajili ya babu yako.

Unakumbuka alivyopenda kumuiga jirani yetu Mrundi. Asubuhi ile alikuwa kwenye cherehani, akaniita, na maneno yakatoka mazito, hayaeleweki. Jirani akasema, "Leo njo umeniiga muzuri, tailleur!" Tukacheka. Mkasi ukamtoka mkononi, tukacheka tena. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja, nami nikadhani anafanya makusudi.

Tulipoacha kucheka, jua lilikuwa juu. Tukampeleka hospitali ya Dowa, nao wakatutuma Lilongwe. Huko daktari wa ubongo aliniuliza, kupitia mkalimani, ilianza saa ngapi. Nikajibu, "Tulianza kucheka saa mbili."

Hakunikaripia. Alisema ni kiharusi, na masaa ya kwanza ndiyo yanayookoa. Yetu yalikuwa yamepita. Siku ya tatu babu yako alituacha.

Mtu wako akibadilika ghafla hivyo, mdomo, mkono au maneno, mpeleke hospitali kubwa papo hapo, hata kama anapenda mchezo. Kama ni mchezo, mutacheka mukirudi.

Mkasi wake bado ninao. Ukimsikia mtu akiiga sauti ya mwenzake, unikumbuke.

Bibi yako, Koko