Cherehani ya Baba Mnadani

Kaka yangu,

Huku tunasukuma siku. Bati lililokuwa likivuja nimeliziba, na paka wako kazaa tena kabatini.

Uliuliza pesa za upasuaji wa Baba zimefikia wapi. Zilibaki kidogo kutimia, basi nikaiweka cherehani yake kwenye mnada wa mtandaoni bila kumwambia. Nilianzia bei ya chini ili watu wapandishane. Mmoja, jina limefichwa, akakataa kushindwa. Nikashangilia peke yangu kama mwehu.

Kumbe ni Baba, kitandani wodini, na simu yake. Aliitambua kwa lile gurudumu alilolifunga waya, akadhani tumeibiwa. Akalipa kwa pesa zile zile za upasuaji tulizomtumia. Nitamrudishia, lakini mnada unakata fungu kwenye bei ya mwisho, na halirudi hata nikivunja mauzo. Sikulisoma hilo. Sasa zimepungua kuliko nilipoanza, na upasuaji ni Jumatatu.

Leo kanipokea anacheka: "Mwanangu, nimemkomboa mke mwenza wa mama yako! Aliyemwiba, mikono imkauke."

Nikaitikia amina, nikamnywesha dawa kwa mikono hiyo hiyo.

Dada yako