Jina Langu kwenye Foni

Jumatatu, 9 Juni

Saa moja kamili, foni, redio yetu ya mawasiliano, kama kawaida. Epulu, kituo chetu cha msituni, wako salama. Mvua usiku kucha, mto umepanda, mlinzi mmoja ana malaria. Nimesoma majina ya walioondoka leo, nao wameyarudia. Ndivyo tunavyofanya: jina la msafiri hurudiwa kila asubuhi mpaka afike. Miaka tisa sasa naandika habari za msitu nikiwa nimeketi Bunia, kwenye kiti chenye mguu mmoja mbovu.

Jumatatu ijayo naenda mwenyewe. Miezi mitatu. Papa Jérôme, anayeshika foni upande ule, atapata likizo yake ya kwanza baada ya miaka miwili. Ana mjukuu hapa Bunia ambaye hajawahi kumbeba. Wa kumshikia nafasi ni mimi tu. Nimejisikia mkubwa siku nzima. Hata mlinzi wa lango nimemsalimu kwa shingo ndefu.

Jumanne, 10 Juni

Naogopa. Basi, nimeliandika.

Mimi mtoto wa Mahagi-Port. Ziwa nalijua, mawimbi nayajua. Miti isiyo na mwisho siijui. Barabara ya Komanda, inayoingia msituni, sijawahi kuipita hata mara moja. Na ni mimi ninayewaambia wasafiri wote, "Musiogope, kule iko muzuri." Miaka tisa! Kama vile nilizaliwa kule. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilifika lini.

Alhamisi, 12 Juni

Mama amepiga simu. "Weye mutoto ya maji, unaenda kutafuta nini mu pori?" Nimemwambia kazi. Akakata. Hajawahi kunikatia simu.

Nimelia jikoni. Jirani amechungulia, nimesingizia vitunguu. Sikuwa na kitunguu hata kimoja.

Ijumaa, 13 Juni

Foni: lori limekwama matopeni baada ya Mambasa, njia ya Epulu imefungwa. Moyo wangu umeruka kwa furaha. Aibu. Dorcas, mwenzangu ninayemwachia kiti, ameniona nikitabasamu.

Mchana chef, mkuu wa ofisi, ameniita. "Mama Agnès, barabara iko mubaya. Ukitaka, tunangojea. Tutafundisha mwanaume moja, ataenda yeye." Alisema kwa wema. Mlango ulikuwa wazi, kazi yangu ilikuwa kupita tu.

Nikamfikiria Papa Jérôme. Binti yake hupita ofisini na habari za mtoto, mimi nazisoma kwenye foni. Mtoto ametoa jino. Mtoto anasimama. Mtoto anatembea. Kila mara huniomba nirudie kabla hajasema, "Nimepata."

Nikajibu, "Chef, ni mimi naenda." Sauti haikutetemeka. Najivunia ile sauti. Nimeirudia njiani hadi nyumbani Rwambuzi, peke yangu, watu wakiniangalia.

Jumamosi, 14 Juni

Lori limetoka matopeni. Hakuna kisingizio tena.

Mzigo. Sheria ya ofisi, na mwenye kuilinda ni mimi: msafiri mmoja, sako moja, yaani mfuko mmoja, kilo kumi na tano. Nimewahi kumtolea daktari mzima mto wake wa kulalia na viatu vyake mbele ya watu. Leo Dorcas ameweka sako yangu kwenye mizani. Ishirini na sita. "Mama, hii sheria iko ya nani?" Ofisi nzima imecheka. Nyani haoni kundule.

Nimetoa pasi ya makaa, sufuria mbili, blanketi la pili na kioo kikubwa. Kioo! Sijui nilitaka kumpendezea nani. Kumi na tano kamili.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoka misani nikamkuta mama mmoja mlangoni pangu, muuza samaki kutoka ziwani. Ameleta samaki wakavu, vifurushi viwili, kimoja kidogo na kimoja kikubwa. Na maneno ya Mama, ameyasema kama alivyoagizwa: "Kidogo iko ya mutoto wangu. Kikubwa iko ya watu watamupokea. Asifike kwa watu mikono mitupu, watasema hana mama."

Kwetu mzazi hakuambii nenda. Anakujaza mikono. Nimelia tena, safari hii mbele ya mgeni, na sikutafuta kitunguu.

Samaki wana kilo mbili. Nimetoa kitenge kipya, viatu vya misa na redio ndogo. Nimepima mara tatu.

Jumatatu, 16 Juni

Saa moja. Gari liko nje. Naandika haraka, daftari juu ya sako.

Leo Dorcas ameketi, mimi nimesimama nyuma yake. Amesoma kwa sauti nzuri, bila haraka, kama nilivyomfundisha. "Berocan Agnès. Sako moja. Kilo kumi na tano." Sikujua jina langu ni refu hivyo.

Kule wakaomba jina lirudiwe, kama habari za mtoto. Dorcas akarudia. Kisha Papa Jérôme: "Nimepata. Berocan Agnès." Nilidhani amemaliza. Akaongeza, "Usiogope, mama. Huku iko muzuri."

Nimemwonyesha Dorcas kipande cha mti cha kuweka chini ya mguu mbovu wa kiti. Dereva anaita. Samaki nitawapakata mwenyewe.