Betri ya Mumbere, Mayai Yangu

Jumatano, 17 Januari 2024
Sake. Mayai hamsini na manne yameingia kwenye mashine ya kuangulia! Siku ishirini na moja — basi vifaranga tarehe saba Februari. Duka letu limelala tangu barabara ya Masisi ifungwe, lakini kuku wanaliwa hata vitani. Mama-mkwe, Mama Emérita, amelizunguka sanduku mara mbili, akauliza mama yao yuko wapi. Nikasema mama yao ni umeme. Akafanya ishara ya msalaba.

Ijumaa, 19 Januari
Umeme umekatika. Wanasema bomu limeangusha nguzo. Nilipiga kelele kama nimeibiwa! Kisha nikaiona uani pikipiki ya mume wangu Mumbere — ile ya umeme, magurudumu matatu, aliyoinunua Goma kubebea maharagwe. Ukiipakia magunia manne, mlima inaukataa. Lakini betri yake! Nimevuta waya kutoka chini ya kiti hadi dirishani. Mashine imewaka. Mchana paneli za jua za paani zinaijaza tena. Mumbere amenuna tu.

Jumapili, 28 Januari
Habari kwamba kwetu kuna umeme zimeenea mtaani. Leo imekuja kwaya ya parokia na kinanda chao cha umeme. Camille, kiongozi wao, kwa upole wote: “Dakika kumi tu, Mama Généreuse, njo repetisyo ya mwisho.” Utawanyimaje watu wa Mungu? Mazoezi gani, wameimba Misa nzima, Gloria mara tatu! Na mvua ikanyesha, jua hakuna. Saa kumi betri sufuri. Nikawatoa kwa ufagio, hata wa sauti ya kwanza.

Mayai yalianza kupoa, nikalia. Aliyeniokoa ni Mama Emérita. Madumu ya maji moto, mablanketi, kisha akajilaza mwenyewe, amelikumbatia sanduku. “Miye nilizala batoto tisa,” alisema. “Hawa habatanishinda.”

Jumatatu, 29 Januari
Nimeyamulika kwa tochi. Mishipa! Wako hai! Mama Emérita anadai ni joto la mbavu zake.

Jumanne, 6 Februari
Milio ya mabomu imeshuka hadi vilima vya hapa juu. Majirani wanapita na magodoro kwenda Goma. Mumbere anataka tuondoke leo. Nikasema kesho, wanaanguliwa. Akauliza kama bomu nalo lina kalenda. Tumegombana mpaka ugali ukaungua. Mawingu tena. Betri asilimia hamsini. Kufika Goma inataka thelathini. Naogopa, na mayai siyaachi.

Jumatano, 7 Februari
Naandika nimesimama. Mama Emérita ameshapanda nyuma ya pikipiki, juu ya godoro, na rozari yake. Betri thelathini na tano. Basi, nimekubali tuondoke. Nimelia, nimekubali. Nikaushika waya niuchomoe.

Piu!

Mumbere akaudaka mkono wangu. “Ngojea kwanza! Mutoto iko anatoka!” Mumbere huyu, anayekimbia hata radi! Amepiga magoti mbele ya kioo: “Sukuma, papa, sukuma!” Kimetoka kimoja, kimelowa, kibaya kweli, kinapumua. Anataka tusubiri kikauke tu.

Mlio mwingine wa bomu, karibu. Mama Emérita anaita kutoka nje: “Munafia mule ndani ao?”

Betri thelathini na moja. Yai la pili limetoboka, na la tatu. Nimemwambia haya, tuchomoe. Hasikii. Ameukalia waya.