Tulimsindikiza Paskalina

Rhotia, Karatu

Mjukuu wangu Neema,

Huku wote wazima, na ng'ombe wako kazaa ndama jike. Babu yako anajisifu utadhani kazaa yeye.

Uliniuliza kwenye simu mfanye nini, maana huko kiwandani kwenu mashine za kushona hazisubiri mtu, na kwenda chooni ni mpaka msimamizi apende. Nakujibu kwa barua ili uwasomee na wenzako.

Nikiwa msichana nilichambua kahawa kiwandani hapa Karatu. Tulikaa kandokando ya mkanda wa mashine, punje zinapita juu yake mbio, sisi tunatoa mbovu. Siku moja Paskalina, mwenzetu mwenye mimba kubwa, akaomba kutoka aende chooni. Msimamizi akamjibu, "Mama, mkanda hausimami."

Paskalina akainuka hivyo hivyo. Sasa wewe unajua kwetu, mjamzito haachwi atembee peke yake. Nikainuka nimsindikize. Jirani yangu naye akainuka anisindikize mimi. Kufumba na kufumbua wote tuko uani, tunakwenda mwendo wa Paskalina, tunaimba kama tunampeleka bibi harusi. Huko ndani kahawa mbovu ikawa inaingia kwenye magunia ya nzuri.

Tuliporudi, kiwanda kilikuwa kimya. Msimamizi kasimama ukutani, jasho linamtoka, mkono bado uko kwenye swichi ya mkanda. Tulipiga vigelegele mpaka mabati yakalia! Tangu siku hiyo, mtu akiomba kutoka, mkanda ulizimwa.

Neema, swichi ile ilikuwepo siku zote. Mwenzenu akiinuka, msindikizeni.

Ni mimi bibi yako,
Marselina