Samaki wa Alhamisi, Harusi ya Jumapili

Bertrams, Johannesburg

Kwako Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mnaamkaje hapo Kalemie? Goti la Mama linasemaje, na bado anaificha ile fimbo mliyomtengenezea ili watu wa kanisani wasimwone mzee? Watoto wako wamerudi shule? Mimi mwili ni mzima. Cherehani inazunguka, wateja wapo, paa halivuji. Ukiacha moyo, mengine yote yanaendelea.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Lakini najua nikituma sauti itasikilizwa na lupango nzima, majirani wote wa ua wetu, maana simu yako unaifungulia uani kama redio, na Mama yupo palepale anachambua mchele. Hii nataka uisome kwanza peke yako. Nimempa mama mmoja wa kwaya anayesafiri kuja huko. Usimuulize kitu, atakupa habari kwa namna yake.

Umeniuliza mara tatu harusi ya Neema ni lini, na Mama ameuliza avae kitenge gani siku ya kutazama picha. Yaya, harusi imeshapita. Ilikuwa Jumapili ya wiki iliyopita. Mimi, baba yake, sikwenda.

Nianzie nyuma kidogo, usije ukanilaani kabla hujamaliza kusoma. Daniel, yule kijana mweupe niliyekutajia, ni Myahudi. Hilo nilikuficha. Na lingine nililokuficha ni kubwa zaidi: Neema mwenyewe sasa ni Myahudi. Usidhani ni kijana aliyemgeuza. Alianza kabla hajamjua Daniel, alipokuwa anamtunza bibi mmoja mzee wa Kiyahudi huko mitaa ya kaskazini. Ijumaa, kabla jua halijazama, bibi huyo aliwasha mishumaa miwili, akafunika macho kwa viganja, akawaombea watoto wake mmoja mmoja kwa majina. Neema alinieleza akiwa na machozi. Nikamwambia ni vizuri, hao ndio watu wa Mungu. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo, Yaya. Na kanisa letu unalijua kwa video ninazokutumia: tunapiga pembe ya kondoo kila Jumapili, bendera ya Israeli yenye nyota imetundikwa nyuma ya mimbari, tunaimba kwamba sisi ni wana wa Ibrahimu mpaka mabati yanatetemeka. Mtoto alisikia akaamini. Mimi nilikuwa ninaimba tu.

Alisoma dini yao miaka mitatu. Walimkatisha tamaa mara nyingi, ndiyo desturi yao, hawamwiti mtu. Wanamrudisha kwanza waone kama atakuja tena. Neema, unamjua kichwa chake, alirudi kila mara. Mwishoni akahama hapa kwangu akaenda kukaa kwa mama mmoja karibu na sinagogi, kwa sababu siku ya Sabato hawapandi gari, wanatembea kwa miguu.

Lakini alikuja, hilo nikiri. Kila Jumapili baada ya ibada yangu alikuja na sahani yake na kijiko chake, na chakula chake kwenye bakuli lenye mfuniko, maana dini yao haimruhusu kula kwenye vyombo vyetu. Tulikula meza moja, kila mtu na chungu chake. Akanipigia pasi mashati, akanicheka mvi zangu. Ijumaa jioni hadi Jumamosi giza linapoingia hakugusa simu. Kuna Ijumaa moja nililazwa kwa presha, yeye akajua kesho yake Sabato ilipokwisha, akafika hospitali mbio na gauni lake refu, analia kwamba simu ilikuwa imezimwa. Krismasi alikuja pia. Alikaa kwenye kiti cha marehemu mama yake, hakuimba. Niliimba peke yangu, sauti ya kwanza na ya pili.

Mwaka huu wakamkubali. Akazama kwenye maji yao, wakampa jina jingine. Nami nikakumbuka nilivyomshika mkono siku ya ubatizo wake, ana miaka kumi na mitano, meno yanagongana kwa baridi. Nikajiuliza yale maji yamekwenda wapi.

Kanisani habari ilifika kabla sijaitamka. Mchungaji akaniita ofisini.

"Frère Bahati, ndugu yangu, utapumzika kidogo na kwaya. Watu wanauliza."

"Wanauliza nini?"

"Kama nyumba yako bado inamkiri Yesu."

Nikamwonyesha ile bendera ya nyota, inaonekana hata pale ofisini mlango ukiwa wazi. Akasema hiyo ni tofauti. Nikatoka. Hayo ningeyavumilia, Yaya. Kilichonivunja ni hati ya ndoa.

Neema alikuja kunieleza mapema, ili nisije nikashtukia mbele za watu. Kwao hati ya ndoa inasomwa kwa sauti kwenye sherehe, na bibi harusi anatajwa yeye na baba yake. Mtu aliyeingia dini yao hatajwi kwa baba aliyemzaa. Anaitwa binti wa Ibrahimu. Wote, hata mtoto wa mfalme. Nikamuuliza, "Na mimi?" Akasema, "Papa, ni sheria tu. Haisemi wewe si baba." Lakini jina langu halitakuwepo. Nilimbeba mgongoni kuvuka Zambia, ana miaka mitatu, ana surua. Nilimzika mama yake hapa nikajifunza kusuka nywele kwa kuangalia wasichana wa saluni. Ibrahimu alikuwa wapi?

Hata hivyo nilitaka tupatane kabla ya harusi. Nikamwalika aje kula Alhamisi, chakula changu, siyo cha bakuli. Nilijiandaa kama mwanafunzi. Niliuliza, nikaandika. Nikanunua sufuria mpya, kisu kipya, kibao kipya, sahani bado zina vibandiko. Samaki wao lazima awe na mapezi na magamba, basi nikamchagua mzima kwa Mkongo mmoja mwenye duka la samaki hapa mtaani, nikamkagua kama askari wa mpakani anavyokagua karatasi. Mafuta mapya, chumvi mpya. Sikuweka nyama karibu. Jiko la umeme nililisugua siku mbili, na ile sahani yake ya chuma inayopasha moto nikaibadilisha. Alipofika saa kumi na mbili jioni samaki alikuwa ameiva na nyanya, bukari, ugali wetu, uko tayari, nyumba yote inanukia kama nyumbani kwetu.

Nikamwonyesha kimoja kimoja. Magamba niliyaweka kwenye kisahani ayaone mwenyewe. Alicheka, akanikumbatia, akasema, "Papa, umefanya haya yote?" Halafu akasimama akaangalia jiko.

"Papa, jiko nani aliwasha?"

"Mimi. Ulitaka nani awashe?"

Akakaa polepole. Yaya, ndipo nikajua. Kwao chakula cha namna hii kikipikwa na asiye wa dini yao, lazima angalau mkono wa Myahudi uwe umewasha moto. Kidogo tu. Angezungusha yeye kile kitufe cha jiko, mimi nikapika mengine yote, angekula. Lakini nilitaka akute chakula cha moto, kama baba yeyote. Kila kitu kilikuwa sawa ila mkono wangu.

"Eish, Papa, ni kosa langu, sikukuambia," akasema. Alikuwa analia. "Ningejua ningekuja mapema nikawasha."

Ningenyamaza hapo. Ningekula samaki wangu, yeye akanywa maji, tukaongea habari za gauni. Badala yake nikasimama nikamwambia, "Basi enda kwa Ibrahimu akupikie." Na sikuishia hapo. Nikamwambia asitafute baba siku ya harusi, kwa kuwa ameshapata mwingine. Akaosha mikono, akachukua mkoba wake, akasema, "Lala salama, Papa," akaondoka. Samaki nilimpa jirani na sufuria yake.

Siku ya harusi niliamka mapema. Harusi zao nyingi ni Jumapili, mchana. Nilioga, nikavaa suti niliyojishonea mwenyewe, ile ya bluu iliyokolea, nikakaa kitandani nifunge viatu. Niliwaza nitasimama pale nisikie mtu anamsoma mwanangu kwa jina la mtu mwingine, na watu wananigeukia. Niliwaza pia nitamtazamaje baada ya maneno yale. Simu ikaita mara mbili, namba ya Daniel. Niliitazama tu. Saa zikapita nikiwa na kiatu kimoja mguuni. Hakuna aliyenizuia, Yaya, wala sikuugua. Nilikaa tu mpaka ikawa imekwisha.

Jumanne akaja kwenye kibanda changu cha kushonea na mumewe, kichwa chake amekifunga kitambaa kama wanawake wao walioolewa. Nilikuwa nashona suruali ya mteja, sikusimamisha mashine. Daniel akanisalimia kwa Kiswahili alichofundishwa, akabaki mlangoni. Neema akavuta kiti.

"Papa, kwetu bibi harusi anapelekwa kwa bwana harusi na watu wawili. Mmoja huku, mmoja huku. Mama ya Daniel alinishika mkono wa kushoto. Wa kulia wakaniuliza, ni nani? Yule mama nilikuwa nakaa kwake alitaka kuja. Nikasema hapana, hapo ni pa Papa."

"Sasa ulitembeaje?"

"Nilitembea hivyohivyo. Pakabaki wazi."

"Watu waliona?"

"Waliona, Papa."

Niliendelea kushona, na walipoondoka nikakuta nimeuziba mfuko wa suruali kwa mistari miwili mizuri kabisa. Nikaifumua jioni yote.

Nisalimie shemeji yangu, mwambie vile vitambaa vya shule nitavituma na mtu wa uhakika. Nisalimie baba mdogo fundi wa baiskeli na wajomba. Mama mkwe wangu mwambie kaburi la binti yake nalitunza. Watoto wako uwabusu, hasa mdogo anayeniita babu wa baridi.

Sasa Mama. Umwambie wewe, kwa mdomo wako, mkiwa wawili. Picha zipo, Neema atakutumia, na kwenye picha Mama ataona kila kitu na ataanza kuuliza. Najua lupango itasemaje: mtoto ametekwa na wazungu, amemkana Mungu wetu, ametupa ukoo. Wakianza, wanyamazishe, Yaya. Na Mama akilia kwamba mjukuu wake ametuacha, mshike mkono umwambie hapana, Mama, Neema alituwekea nafasi mbele ya watu wote. Aliyeacha ni mwanao.

Mdogo wako,
Bahati