Sinia Lisioshwe

Nasreen,

Nawahi feri. Chai imo kwenye chupa, na dawa ya Babu ni baada ya kula. ~~Osha vyombo vyote.~~ Osha vyombo vingine, lakini sinia la unga usiliguse, wala usiwashe feni.

Utaona majina humo: MWANATATU, NASREEN, na langu mimi, refu kama lilivyo. Kaandika Mama mwenyewe, lake la kwanza, wallahi, kwa kidole chake!

Jana ulinisikia. Miezi mitatu namfundisha kusoma kwa simu: anagusa herufi, inawaka, anafurahi. Simu ikizimwa, zote zimemtoka. Nikamfokea kwamba kichwa chake kizito. Akasema basi, hasomi tena.

Kumbe alfajiri ya leo, alipomaliza kusukuma mahamri, alikuwa akichora herufi kwenye unga uliobaki, anafuta, anachora tena. Nikamkuta.

"Mwalimu wa simu," akaniita, "njoo usahihishe."

Nikamuuliza imekuwaje.

"Zile za simu nilikuwa nazitazama tu, mwanangu. Hizi nazifanya mwenyewe."

Nikainama, nikayasoma majina moja moja. Herufi zilizomkataa miezi mitatu zimemwingia kwa ncha ya kidole!

Akatoka na ndoo yake ya mahamri kabla sijamwomba radhi. Kiburi changu unakijua.

Akirudi mpe karatasi hii. Hapo chini nimemwandikia kwa herufi kubwa. Usimsomee, hata akikuomba.

Kakako,
Abdulghani

MAMA, NISAMEHE.