Maji Aliyoomba Ndugu Pettibone

Stony Ford, Ohio
Tarehe 19 Oktoba, 1837

Kwa kaka yangu mpendwa Zenas,

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na hata katika sala nimekuwa nikilipita kando, na ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Lakini Mama angenikemea kama ningeanza barua bila salamu, kwa hiyo nakusalimu kwanza. Hujambo, kaka? Kifua kimepona? Uliandika kwamba baridi ya huko Kanada imeanza mapema, nami nimekufumia soksi mbili ambazo utazipata pamoja na barua hii.

Sisi huku tu wazima. Baba anakula vizuri, ila macho yake yamezidi kufifia, na sasa hata ile Biblia ya herufi kubwa namsomea mimi. Mahindi tumevuna, na ng'ombe mwenye pembe moja amezaa ndama jike. Shule naendelea nayo. Wavulana wa mjini bado wananingojea langoni kila asubuhi. Wiki iliyopita Silas, mtoto wa mhunzi, alinipigia magoti mbele ya wenzake akasema, “Shikamoo, nabii mdogo! Mwambie baba yako akishamaliza kunywa na malaika atubakishie japo tone.” Wote wakacheka. Zamani ningelia. Safari hii niliingia darasani bila kumtazama, kwa sababu hakujua amesema nini.

Barua yako ya Septemba nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kukatika. Unasema umewabatiza watu thelathini na mmoja, kwamba wameuza mashamba yao na watapanda meli ya mwisho kabla ziwa halijaganda. Unasema yumo mtoto wa miaka minane, Philena, ambaye mama yake alifariki wakati wa kiangazi, na kwamba umemwahidi akifika kwetu na kunywa divai yetu sisi Watakatifu atamwona mama yake, kama wewe ulivyomwona wetu. Unamwomba Baba atengeneze divai ya kuwatosha wote. Baba alifurahi sana. Alinifanya nisome sehemu hiyo mara tatu, kisha akasema mwaka huu zabibu zimekubali, pipa limejaa, na kila atakayefika atapata glasi nzima, hata watoto.

Kaka, usimpe Philena divai hiyo. Naomba usome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unakumbuka hali yetu mwishoni mwa mwaka jana. Mara tatu tulikutana hapa nyumbani, tukafunga siku mbili, tukapakana mafuta, tukaimba hadi sauti zikakauka, na hakuna aliyeona chochote. Kutoka kwenye miji mingine zilikuja habari za moto juu ya paa na malaika madirishani. Kwetu palikuwa na kikohozi cha Mama tu. Familia mbili zilirudi kwa Wamethodisti. Mama alipofariki Januari, Baba alikaa siku nne bila kuwasha moto wa jikoni, nawe ulilala umeelekea ukutani.

Na unakumbuka dawa ya Mama ya pumu, yale majani ya mnanaha aliyokuwa akiyavuta kwenye kiko pumzi zilipombana. Mmea wenyewe unaota nyuma ya zizi, wenye maua meupe marefu na matunda ya miiba. Wiki yake ya mwisho alizidisha, na alikuwa akizungumza na bibi yetu kana kwamba bibi ameketi kitandani anamenya viazi. Baba alimsikia. Nadhani hakusahau.

Mwezi Februari Bwana Crandall, mwalimu wangu, aliniazima kitabu chake cha mimea na dawa. Wajua mimi siwezi kupita kitabu. Nilimsomea Baba jioni moja ukurasa wa mnanaha, kwa majivuno kabisa, nikitamka majina yote ya Kilatini. Kitabu kilisema kwamba mbegu chache humfanya mtu aone na kusema na wasiokuwapo, na zikizidi huua. Baba aliniomba nirudie. Nikarudia. Kisha akaniuliza chache ni ngapi.

Siku mbili kabla ya mkutano wa Machi aliniita stoo ya chini, kwenye pipa. Wewe wajua agizo lilivyo: divai ya Meza ya Bwana tuikamue wenyewe kwa mikono yetu, tusinunue kwa adui asije akatutilia sumu. Ndiyo maana ufunguo wa stoo haubanduki kwenye mkanda wa Baba, na hakuna mgeni anayeligusa pipa letu. Alikuwa na ile chupa ya mbegu za Mama. Alisema mikono yake inatetemeka na macho hayaoni vipimo, basi nimpimie mimi. Nilimwambia kwamba naogopa. Akanijibu kwa upole, unajua anavyosema akiwa amechoka, “Lovisa, mwanangu, Bwana alitema mate akakanda tope akampaka kipofu, na kipofu akaona. Atashindwa na mbegu? Mimi simdanganyi mtu. Mlango umekwama, nautia mafuta tu.” Nilipima kwa kastabini ya Mama, kastabini tatu, nikatwanga, nikafunga kwenye kitambaa, nikakitumbukiza ndani ya pipa.

Siku ya mkutano wote mlikunywa na tumbo tupu, glasi baada ya glasi, kama ilivyo desturi yetu. Mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, nilikaa mezani na kitabu cha ushuhuda ili niandike kila atakachokiona kila mtu. Glasi yangu niliigusisha mdomoni nikaimwaga ndani ya ndoo ya kuni. Kwa hiyo mimi peke yangu niliwaona.

Sikuona moto, kaka. Niliona watu wenye mboni zilizopanuka mpaka rangi ya jicho ikapotea, wakichuma vitu hewani kwa vidole, wakijibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Dada Rhoda Pettibone alisema macho ya kila mmoja yamejaa nuru. Nawe ulikuwa kwenye kona karibu na jiko. Ulikuwa umekumbatia pipa la kusukia maziwa, lile la Mama, umeweka shavu juu ya kifuniko chake, unasema, “Ndiyo Mama, nitaenda, nitaenda Kanada.” Ulilia kwa furaha. Baadaye ukaja mezani ukaniambia niandike kwamba Mama alivaa nguo nyeupe na mikono yake ilikuwa na harufu ya siagi. Nikaandika. Ulicheka siku ile kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nikasema moyoni, heri nife kuliko kumnyang'anya.

Nimejiuliza sana kama inawezekana Mama alikuwapo kweli na mimi ndiye niliyeona pipa tu. Sijui. Nakuandikia nilichokiona.

Sasa nije kwa Ndugu Hosea, mume wa Dada Rhoda. Baba alikuandikia kwamba alitwaliwa kama Eliya. Haikuwa hivyo.

Mkutano wa Septemba ulifanyika ghorofani kwenye kinu chake cha kusagia nafaka, kwa sababu watu walikuwa wengi, wametoka miji mitatu. Baba alisema kwa watu wengi tuzidishe. Nilimwambia kwamba kitabu kimeonya. Akasema mara ya kwanza kitabu kilionya vilevile na wote wakaamka wanacheka. Nikapima kastabini tisa. Mbegu za mwaka huu zilikuwa mbichi, na nguvu yake sikuijua. Ndugu Hosea alikuwa na utani wake ule ule mlangoni. Alinivuta ushungi akasema, “Karani, leo uniandike vizuri bwana, mara ile umenipa mistari miwili na mke wangu ukurasa mzima! Au malaika wangu alikuwa bubu?” Nilicheka, maana yeye hunichekesha hata nikiwa na hofu.

Ilikuwa alasiri, jua limewaka madirishani. Baada ya saa moja kelele zilizidi. Mama mmoja alikuwa akirarua kola yake. Baba alikuwa akisali kwa sauti, na nadhani hata yeye hakujua tena yuko wapi. Ndugu Hosea akaja mezani kwangu. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu, uso mwekundu kama aliyetoka kwenye tanuri. Alinishika mkono wa kuandikia. Alisema, “Mwanangu, nipe maji.” Alisema mara mbili. Ndoo ya maji ilikuwa ngazini, hatua kumi kutoka kiti changu. Nilikuwa katikati ya ushuhuda wa mtu mwingine, na niliogopa nikiinuka nitapotewa na maneno. Nilimwambia asubiri nimalize mstari.

Nilipoinua kichwa alikuwa ameshuka. Kupitia dirishani nilimwona akienda bwawani, bwawa la kinu chake mwenyewe, ambalo amelichunga miaka ishirini. Alikuwa anacheka na kunyoosha mikono. Wengine walimwona pia, wakapiga kelele kwamba malaika anamwita kutoka ng'ambo. Hakuna aliyeshuka. Nami sikushuka. Tulimpata asubuhi kwenye lango la maji, amekufa. Baba alinitajia ya kuandika, nami nikaandika: ametwaliwa. Na Dada Rhoda anatembea mjini ameinua kichwa, anawaambia watu malaika walimtwaa mumewe kabla maji hayajamgusa, na tulichozika ni ganda tu. Amekonda, kaka, lakini anatabasamu.

Ndilo hilo nililolificha. Baba anajua habari za mbegu. Habari za maji hajui, wala za pipa la Mama.

Sikuambii uwaambie nini watu wako thelathini na mmoja. Mashamba yameshauzwa, nami ni mtoto wa shule. Lakini Philena ana miaka minane, na kitabu kinasema kwa watoto mbegu kidogo tu hutosha.

Nisalimie wote waliokupokea vizuri, hasa yule mama mzee anayekuosha nguo. Baba atakusalimu mwenyewe akijua nimeandika. Ukinichukia, uvae soksi hata hivyo.

Ni mimi dada yako,
Lovisa Wickham

Ijumaa, tarehe 20

Naongeza haya kwa sababu mchuuzi wa vyombo vya bati anayeelekea ziwani hajapita bado.

Leo alfajiri sikumwomba Baba ufunguo. Nilichukua shoka la kuni nikavunja kitasa cha mlango wa stoo, nikachomoa kizibo cha pipa, nikasimama mpaka divai yote ikaisha kutoka. Chupa ya mbegu niliitumbukiza chooni. Nilipogeuka, Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi bila viatu. Aliniuliza kama nimekuandikia. Nikasema ndiyo. Akasema nimsomee, basi nikamsomea barua yote hii humo humo stoo, miguu yangu ikiwa imelowa. Nilipofika kwenye maji, aliniomba nirudie. Nikarudia. Alipanda juu akiwa ameshika ukuta.

Kisha nilikwenda kwa Dada Rhoda na kitabu cha ushuhuda. Alikuwa anakanda unga. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Alinipiga kofi, mkono wake una unga, akaniambia mwongo, mtoto wa shetani, toka. Nilikuwa nimeshafika uani aliponiita. Aliniuliza, “Alisema kweli? Alisema maji?” Nikasema alisema mara mbili. Akavuta kiti, akakaa, akaniambia nifungue kitabu.

Nilikata neno “ametwaliwa” kwa mstari mmoja, ili lisomeke bado, na chini yake nikaandika: Hosea Pettibone aliomba maji. Lovisa Wickham hakumpa. Dada Rhoda hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea. Kisha nikanawa uso, nikaja hapa barabarani kumngoja mchuuzi.